Mshauri Aliyenifunza Kuuza Sanda

Watu wa Mwabungo wakimtaja husema, "Mshauri, Mungu amhifadhi." Mimi nami husema hivyo hivyo, kisha huongeza moyoni: na mimi Mungu anihifadhi naye. Anayetaka sifa tupu akawaulize wengine, wapo tele. Mimi nitasema nilichokiona, na nikikasirika katikati mtanisamehe. Msiponisamehe pia sawa.

Jina alikuwa nalo, bila shaka, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mrefu, mwenye masikio makubwa na suruali iliyobanwa kwa kibanio cha nguo ili isiingie kwenye mnyororo wa baiskeli. Alizaliwa wapi na kwa nani sijui, na sikuwahi kuuliza. Kulikuwa na mradi wa wafadhili wenye chumba kimoja Ukunda, nao ndio uliomlipa azunguke na ile baiskeli mpaka Msambweni, akiwaongoza watu walioanzisha biashara changa. Si kuwapa pesa. Kuwaongoza. Wengi waliposikia hivyo walimkimbia siku ile ile.

Mimi sikukimbia kwa sababu sikuwa na pa kukimbilia. Mume wangu alikuwa amekwenda Malindi kutafuta kazi. Salamu zake zilifika, yeye hakufika. Mama yake alikuja kutoka Msambweni akaniwekea sharti, na hakulifichaficha: "Ukiweza kujilisha wewe na mtoto, kaa huku. Ukishindwa, mtoto wa mwanangu analelewa kwangu." Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, cheti cha kidato cha nne, na binti mmoja, Saumu, ambaye hata kunyoa nywele zake sikumwachia mtu. Kwa hiyo nikipika sabuni sikuwa nafanya mchezo wa wanawake wa kikundi. Nilikuwa namshika mwanangu.

Siku Mshauri alipokuja mara ya kwanza nilikuwa nakuna nazi. Alisimama mlangoni, hakubisha hodi, akasema, "Mama, habari ya leo." Mama mkwe alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka na mvi zake zote. Mshauri hakumwamkia. Mama mkwe akanigeukia: "Huyu kwao hakuna wazee?" Yeye akacheka, akadhani anataniwa, akaanza kufungua kamba za viatu.

Niseme kuhusu viatu vile. Vilikuwa buti za kamba ndefu, matundu manane kila upande. Huku kwetu mtu haingii nyumbani na viatu, na yeye kazi yake ilikuwa kuingia nyumba za watu mchana kutwa. Kila mlango alikaa chini akafungua, akitoka alikaa chini akafunga. Miaka mitatu. Nilimwambia, "Mshauri, si ununue ndala?" Akanijibu, "Ndala si viatu ya kazi." Na huyu ndiye mtu aliyekuwa akituhubiria kubadilika. Biashara, alisema, ni kama maji, weka kwa sufuria, weka kwa kikombe, inashika umbo. Nyumba nzima tulimsubiri bwana maji afungue kamba.

Basi siku ile alipomaliza viatu alisema, "Mimi sikuja kuongea. Hiyo mbuzi, sogea kidogo." Akaikalia mbuzi yangu ya kukunia nazi. Mwanamume, na suruali ya kitambaa, amepanua miguu juu ya mbuzi! Habari ilifika kisimani kabla hajamaliza kifuu cha kwanza. Wanawake walijaa uani.

"Ala! Leo twala mchuzi wa kiume!"

"Baba, mshike vizuri, mbuzi huyo hana pembe!"

"Mwache, kwao nazi hukatwa kwa panga."

Alijikata kidole, akakifunga kitambaa, akaendelea. Alikuna nazi tatu, akakamua, akakaa karibu na jungu mpaka mafuta ya sabuni yakatoka. Kutwa nzima. Mradi ulimpa fomu ya maswali ya kuuliza kila mwenye biashara siku ya kwanza. Aliitandika chini akaikalia asichafue suruali. Jioni, akifunga buti, ndipo alipotia neno.

"Sabuni yako ni ya manjano kwa sababu ya wali."

"Wali gani?"

"Uko na jiko moja. Mafuta iko motoni, mtoto analia njaa, unatoa mafuta unaweka wali, halafu unarudisha mafuta kwa haraka na moto kubwa. Inaungua. Pika wali kwanza, funika. Mafuta ipewe moto yake yenyewe."

Ni hivyo tu. Wiki iliyofuata sabuni yangu ilikuwa nyeupe kama jino. Nikaitia mafuta ya asumini, na duka la zawadi la hoteli moja ya Diani likaichukua kwa wageni. Sitamnyima haki yake. Yule bwana alikuwa na jicho.

Na hakuwa na wimbo mmoja wa kumwimbia kila mtu. Kulikuwa na kinyozi Ukunda, kijana wa bara, mdomo mrefu, "buda hii area imekufa, buda hakuna doo." Mshauri hakumshauri chochote, alimwazima baiskeli yake Jumatatu moja na kumwambia alete nywele za wazee ishirini. Kijana alizunguka vijijini, akagundua kwamba wazee wasioweza kutembea nao huota nywele, na kwamba hupenda kunyolewa barazani huku wakipiga soga. Tangu hapo Jumatatu kinyozi hakuonekana dukani. Bibi wa mahamri alipewa dawa nyingine: huyo aliambiwa anyamaze. Alikuwa akimsimulia kila mteja shida zake, na watu walikuwa wakinunua mbili na kukimbia. Mshauri alikaa naye asubuhi nzima bila kusema kitu, kila alipoanza kulalamika akamtilia hamri mdomoni. Bibi alinuna siku nne. Kisha akanyamaza, na foleni ikarefuka.

Neno lake lilikuwa "tunageuza." Mlango ukifungwa, alisema, uza bawaba. Usiolewe na bidhaa. Nilikuwa nikiyaandika maneno yake nyuma ya daftari la Saumu la kuchorea, nikijiona nimepata mwalimu ambaye shule haikunipa.

Lakini kuna mchonga vinyago mmoja, mtu wa bara vilevile, aliyekuwa na kibanda kando ya barabara ya Diani. Alichonga twiga. Twiga wake walikuwa na shingo nyembamba hata ungedhani wanakusikiliza. Msimu mmoja kabla ya fujo nitakazozisema, wageni walipopungua, Mshauri akaenda kwake. "Twiga hailiwi na haikuni nazi," akamwambia. "Tunageuza. Chonga mbuzi, chonga miiko." Yule fundi akasema, "Mshauri, mimi si seremala wa jikoni." Lakini njaa ilikuwa imeingia, akachonga. Na miiko ikatoka, watu wakanunua. Ila kila mwiko aliutilia kichwa kidogo cha twiga mwisho wa mpini. Mshauri alipoona akamkataza: kinakula muda, mnunuzi hataki kichwa, anataka mwiko. Fundi akaacha. Baada ya miezi miwili akafunga kibanda akaondoka, hakumuaga mtu. Mimi nilimuuliza Mshauri, "Amekwenda wapi?" Akasema, "Alikuwa ameanza kupata." Hakuona alichokifanya. Alimgeuza mtu mpaka akabaki mgongo.

Ningejifunza hapo. Sikujifunza.

Kisha wageni wakakatika kabisa kwa sababu ya zile fujo za mwaka wa tisini na saba. Nani alifanya nini, waulizeni wanaojua na wasiosema. Mimi najua niliyoyaona: watu wa bara walichomewa vibanda, wakaambiwa warudi kwao, na wengi walikimbilia makanisani na magodoro vichwani. Chumba cha Mshauri Ukunda kiliteketea. Alilala kanisani na wenzake siku nyingi. Mimi nilikuwa Mwabungo, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na nilijua aliko. Sikwenda. Sikumpelekea hata uji. Niliogopa kuonekana nampelekea mtu wa bara chakula, na huo ndio ukweli wenyewe, ukae hapo.

Alirudi mwenyewe. Asubuhi moja alikuwa mlangoni na baiskeli ile ile, amekonda, shati si lake, anafungua buti. Sikuweza kumtazama. Nilisema, "Pole, Mshauri," akasema, "Tumeshapoa, mama. Hoteli zimefungwa. Duka la zawadi halitanunua tena. Wewe utamuuzia nani sabuni?"

"Sijui."

"Watu wa hapa. Lakini asumini ni ghali. Tunageuza."

Akaondoka. Baada ya siku tatu alirudi na wakubwa wake wawili wa mradi, mwanamke na mwanamume waliovaa miwani, wamekuja kuona kama bado kuna biashara iliyo hai. Mbele yao akafungua karatasi akatoa vipande vyeupe vinavyong'aa.

"Nimepata harufu ya bei nafuu," akasema. "Inanuka usafi. Kwetu bara hii ni dawa ya mafua, kila nyumba inaipenda. Tia hii kwa sabuni."

Ilikuwa kafuri.

Kwa msomaji asiye wa huku niseme: kafuri ni harufu ya maiti. Muislamu akifa huoshwa, na maji ya mwisho hutiwa kafuri. Mtoto wa miaka mitano hapa kwetu akiisikia harufu ile huuliza nani kafa. Huwezi kuiweka bafuni kwa mtu aliye hai. Ni kama kumpelekea jeneza ale wali juu yake.

Nilijua. Nilijua tangu karatasi ilipofunguka. Na nikanyamaza. Mtu mzima hakosolewi mbele ya wakubwa wake, huo ni mlango mmoja wa kunyamaza. Mlango wa pili ni ule wa uji ambao sikumpelekea. Nilimwona amesimama na shati la kuazima, macho yamemtoka kwa matumaini, nikasema, "Ahsante, Mshauri. Nitajaribu."

Nilipika masanduku matatu. Mafuta yote niliyokuwa nayo, nazi zote nilizokopa kwa majirani. Nikapanga Ukunda sokoni, nikapanga Mwabungo njia panda. Mwanamke wa kwanza aliinua kipande, akakipeleka puani, akakiachia kama kilichomuuma. "Inna lillahi! Nani kafa?" Wa pili akaniuliza kama nina akili timamu. Wa tatu alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Saumu, unatuosha mapema?" Jioni nilirudi na masanduku matatu kama nilivyotoka. Nyumba ikanuka. Nguo zikanuka. Kichwa cha mwanangu kikanuka, na watoto wenzake wakaanza kuziba pua wakimwona. Mama mkwe aliletewa habari Msambweni, akanitumia ujumbe wa maneno mawili: "Nakuja Ijumaa."

Alhamisi akafika Mshauri, na nusu saa baada yake akafika bibi mmoja jirani yangu, yule anayeosha maiti za wanawake Mwabungo nzima. Sisi humwita Bibi Mwosha. Alikuwa amesikia. Akakaa, akavunja kipande cha sabuni, akanusa, akasugua kwenye kiganja kwa maji.

"Inatoa povu," akasema. "Mwanangu, nani kakupa wazo hili?"

Nikamtazama Mshauri. Hakuelewa.

"Nitachukua zote," Bibi akasema. "Sabuni na kafuri pamoja. Umenipunguzia kazi."

"Unaona!" Mshauri aliruka kwenye kigoda. "Mnunuzi amekuja mwenyewe kwa miguu! Bibi, wewe unafanya kazi gani?"

Bibi Mwosha akamwambia, taratibu, kama anavyozungumza na wafiwa. Nilimwangalia uso. Nilitaka aone haya. Nilitaka afe kwa haya pale pale, ili nimsamehe. Uso wake ulibadilika kidogo, naam, kama wingu lililopita. Kisha macho yakawaka.

"Bibi, mtu akifa, vitu vyote vya kuosha na kuzika mnapata wapi?"

"Kitambaa cha bafta cha sanda Ukunda. Pamba duka la dawa. Udi na marashi kwa Mwarabu. Mtu atumwe huku na huku, na maiti inangoja."

"Na mvua ikikata barabara?"

"Basi twahangaika."

Akanigeukia. "Mama, tunageuza. Furushi moja. Kila kitu ndani."

Kama mtu mwingine angenipa wazo lile ningesema ni werevu. Ulikuwa werevu. Mama mkwe alipofika Ijumaa alikuta masanduku yameshauzwa na bafta imepangwa, akanusa, akavuta ukaya wa kichwani mwake mpaka puani, akarudi Msambweni bila mtoto. Kisha zikaja mvua zile kubwa ambazo hazikujua kukoma. Barabara ilikatika mara tatu. Vyoo vilifurika, visima vikaingiliwa, watu wakaanza kuhara na kufa, na homa ikawamaliza waliobaki. Mwezi ule niliuza mafurushi kuliko nilivyowahi kuuza sabuni.

Tulikula. Saumu alivaa sare mpya ya chuo cha Kurani. Na mimi nikapewa jina: Mama Sanda. Wenye mimba walinipisha njia. Harusini nilialikwa kwa mdomo tu, na nilipokwenda nilikaa peke yangu kwenye mkeka wa watu sita. Mgonjwa akinisikia nimekuja kumjulia hali alijifunika shuka. Lakini hayo ni ya nje. La ndani ni baya zaidi, nalo nitalisema. Nilikuwa nikisikia, "Fulani kazidiwa," na kabla ulimi haujasema "Mungu amponye," moyo ulikuwa umeshapima urefu wake. Mrefu huyu. Bafta iliyobaki haimtoshi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, na ndivyo alivyonifanya, na nilikuwa nashiba.

Wafadhili wenyewe wakaja, na kamera. Mshauri alikuwa amewaandikia habari zangu: mama aliyeangukiwa na biashara ya wageni, akageuka, akasimama. Alipanga mafurushi kwenye meza juu ya kanga nyekundu, akaweka maua. Akanisimamisha nyuma ya meza.

"Tabasamu, Mama Saumu."

Bibi Mwosha alikuwa pembeni. "Baba," akasema, "hapa hapachekwi."

"Kidogo tu, bibi. Ni picha."

Nikatabasamu. Mpaka leo picha ile ipo mahali, na meno yangu.

Wiki ile ile nilimwambia nataka kuacha. Hoteli mbili zilikuwa zimeanza kupokea wageni kidogo. Nilitaka kurudia sabuni ya asumini. Na yule mtu wa maji, wa kikombe na sufuria, mtu aliyemgeuza kila mtu kuanzia Ukunda mpaka Msambweni, akaniambia, "Hapana. Hii inafanya kazi. Usiiguse."

"Wewe si husema tunageuza?"

"Tunageuza kitu ikikufa. Hii haijakufa."

"Mimi je?"

Hakunisikia, au alisikia akaona si swali la biashara. Fomu zake za mwaka ule zilikuwa na mimi ndani yake. Bila mimi mradi haukuwa na cha kuonyesha. Hilo nililifahamu baadaye. Wakati ule nilidhani labda kweli sina akili.

Siku ya mwisho ya yeye kuingia kwangu kama mshauri, Saumu alikuwa anacheza uani. Alikuwa amechukua gunzi la mahindi na vipande vya bafta vilivyobaki. Aliliosha gunzi kwa maji ya kikombe. Akalifuta. Akalizungushia kitambaa, akafunga kichwani, akafunga kiunoni, akafunga miguuni, mafundo matatu kama inavyotakiwa. Kisha akaniuliza, "Mama, huyu ni wa nani?"

Mshauri alikuwa mlangoni. Alimtazama kwa makini, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Huyu msichana," akasema, "ana mkono ya kazi."

Sijui nilisema nini yote. Najua nilianza na "Toka." Nilimtupia buti zake uani, moja ikaingia kwenye majivu. Mimi ambaye sikuweza kumwambia kafuri ni ya maiti, siku ile nilimwambia mambo ambayo mtu mzima haambiwi, na majirani walisimama nyuma ya makuti wakasikiliza. Aliketi chini kwenye mchanga, akafunga kamba zake zote, tundu kwa tundu, huku natukana. Kisha akapanda baiskeli.

Mwaka mzima hakuja. Mradi ulifungwa, chumba cha Ukunda kikawa duka la kaseti. Nilisikia amepata shirika jingine, anazunguka Mkongani kwa wakulima. Mimi niliendelea kuuza mafurushi. Ndiyo. Nilimfukuza aliyenifunza, na kazi aliyonifunza nikabaki nayo. Asumini nilijaribu mara mbili. Mara zote mbili mwanamke aliinua kipande akakitazama kwa muda, akakirudisha. Mikono yangu imeshaingia mahali, hakuna mtu atakayejipaka kilichotoka humo.

Mwaka wa tisini na tisa, alasiri moja ya jua kali, nikasikia hodi. Alikuwa yeye. Amezeeka ghafla kama wanavyozeeka watu warefu, mgongo kwanza.

"Karibu," nikasema, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa.

Alikaa, akanywa maji. Akaniuliza hali ya mtoto. Kisha akatoa alichokuja nacho: kule Mkongani kuna wanawake ishirini, barabara yao ni mbaya kuliko yetu, maiti zao zinangoja kuliko zetu. Nikawafunze furushi. Shirika lingenilipa. "Kila kijiji iwe na mtu kama wewe."

"Mtu kama mimi," nikasema.

"Ndiyo."

"Mshauri, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kafuri. Ulipofungua karatasi mbele ya wale wakubwa wako. Nilijua hakuna mtu hapa atakayeinunua."

Alinitazama. "Na ukapika masanduku matatu?"

"Nikapika."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ulilala kanisani siku zote zile na mimi sikuja. Niliona haya kukukatalia."

Alishika kikombe kwa mikono miwili. "Mama Saumu," akasema, "mimi nilidhani ni bahati. Nimesimulia watu hiyo hadithi mpaka Kwale. Nimesema, soko yenyewe ilimwita."

"Hakuna aliyeniita. Nilinyamaza, wewe ukageuza juu ya kunyamaza kwangu."

"Ungenikatalia tu. Mimi nimekataliwa na watu wengi."

"Na wewe ungeniuliza tu. Uliuliza nani atanunua, uliuliza barabara ikikatika itakuwaje. Mimi hukuniuliza lolote."

"Basi nakuuliza sasa." Aliweka kikombe chini. "Wewe unataka nini?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na hasira ya miaka miwili tayari kwenye koo, imejipanga, nilikuwa nimeifanyia mazoezi nikifua nguo. Wakati ule ule mwanamume alibisha hodi, hakungoja karibu, akaingia na viatu vyake. Kijana, mvuvi nadhani, chumvi imekauka kwenye vinyweleo vya mikono. Alikuwa ametoka hospitali kwa miguu.

"Mtoto," akasema. "Wa kike."

Nikainuka. Nikateremsha jora la bafta. Bafta haikatwi kwa mkasi mpaka mwisho. Unaianza kwa ncha, kisha inachanwa, na kuchana vizuri kunataka watu wawili. Mshauri aliinuka bila kuambiwa akashika upande wa pili.

"Kiasi gani?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

Yule baba akasikia. Akanyanyua mikono, akaitenganisha hewani, kama watu wanavyoonyesha ukubwa wa samaki, kisha akajiona anavyofanya, mikono ikaanguka.

"Usijali, baba," nikamwambia. "Nimeshajua."

Tukachana.